Samli Ikilala, Samli Ikiamka

Juzi pale Nyamasaria nilimwona kijana akiteremsha pipa la mafuta kutoka kwenye lori. Ameegemeza mbao mbili, pipa liko juu, yeye yuko chini, mgongo ameligeuzia pipa, anaongea na msichana wa ndizi. Nikamwambia, "Kijana, toka hapo mbele." Akanijibu, "Mzee, wewe pita tu, hii ni kazi yangu." Basi nikapita, maana sipendi kuona mtu akivunjika miguu kabla sijanywa chai. Lakini hasira ile haijaniisha mpaka leo, na ndiyo inayonishikisha kalamu. Ninyi mnaopakia na kupakua siku hizi mna viatu, mna magari yenye mikono ya chuma, mna hata likizo. Mnachokosa ni heshima kwa kitu cha mviringo.

Kazi yangu mimi ilikuwa mapipa ya samli, hapa hapa Kisumu. Nilianza wakati shilingi ilikuwa bado ngeni na wazee wanaita kila kitu rupia. Tajiri wangu alikuwa Bwana Karsan, Mhindi mwembamba, mpole, asiyekula nyama wala kupaza sauti. Alinunua samli kutoka kwa wanawake wa pande zote za ziwa, tukaitia kwenye mapipa ya chuma, tukayateremsha hadi gatini yakachukuliwa na meli. Hayakuwa mapipa makubwa. Watu wawili wangeweza kuliinua moja likiwa limejaa, mradi waruhusiwe kulalamika.

Ghala lilikuwa juu, gati lilikuwa chini, na katikati palikuwa na mteremko wa mbao. Haukuwa mkali, mtoto angeupanda akila muwa. Juu alisimama nyapara wetu, Mzee Ogutu, mtu wa Asembo, mfupi, tumbo mbele, mwenye sauti ya kumtoa kiboko majini. Chini nilisimama mimi, mdakaji. Kudaka hakukuwa kukumbatia, msije mkanielewa vibaya. Unasimama pembeni, mkononi una kabari ya mti, na pipa likifika unaitia chini yake kwa wakati wake. Likikupita, kuna ukuta wa magunia ya mchanga. Magunia yakishindwa, kuna ziwa.

Siku yangu ya kwanza Ogutu aliweka mapipa mawili juu, moja limejaa samli, moja tupu.

"Owuor, lipi litafika kwanza?"

"Tupu. Ni jepesi."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee."

"Haya, nenda chini udake."

Nikajipanga kulingoja tupu. Lililojaa likafika kwanza, likapita pale nilipokuwa nimeinama, likaikanyaga shuka yangu na kwenda nayo mpaka kwenye magunia. Wanawake wa samaki walikuwa wamekaa hapo karibu. Tupu likaja baadaye, taratibu, kama mgeni aliyechelewa matanga, likanikuta nimejifunika kwa kabari. Ogutu alicheka hadi akakaa chini, na kwa muda mrefu baada ya hapo wale wanawake waliniuliza kila asubuhi kama leo nimefunga vizuri.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo vijana wengi hupotea. Uzito hauhusiki. Nimeteremsha mapipa mazito na mepesi ya aina moja, na yamefika pamoja kama mapacha. Kinachohusika ni uzito umekaa wapi. Kitu kinachoteremka kimepewa posho moja tu, nayo ni kile kimo cha mteremko. Posho hiyo lazima kiigawe: sehemu ya kwenda mbele, sehemu ya kujizungusha. Pipa tupu uzito wake wote uko kwenye bati, mbali na katikati, na kuzungusha uzito ulio mbali kunakula posho vibaya. Safari inabakiwa na makombo. Pipa lenye samli ngumu lina uzito mpaka ndani kabisa, na ule wa katikati hauombi kingi ili uzunguke, kwa hiyo linawahi kuliko tupu.

Lakini samli ikiyeyuka, hapo ndipo mtu hukimbia. Bati linazunguka peke yake, samli ndani imetulia, inasafiri tu kama abiria wa gari moshi. Karibu posho yote inakwenda kwenye mbio. Mkibisha, chukueni sufuria ya maji, tieni jani juu yake, halafu zungusheni sufuria ghafla. Sufuria itageuka na jani litabaki linatazama kule kule lilikokuwa linatazama. Hilo niligundua nikiosha vyombo, kazi ambayo najua ninyi mnaikimbia.

Mzee Ogutu hakuwa na sufuria wala jani. Yeye alikuwa na maneno mawili. Asubuhi ya baridi samli ikiwa imeganda alisema imelala. Jua likiiyeyusha alisema imeamka. Akiachilia pipa alinipigia kelele kutoka juu, "Limelala!" au "Limeamka!" au "Tupu!" na mimi nikajua nisimame vipi. Lililolala haliji kwa mbio sana, lakini lina hila: linazunguka lote zima, na ukilitilia kabari linataka kuipanda. Hilo unalitilia kabari mbili. Lililoamka halipandi sana, ila linakuja kabla hujamaliza kupenga kamasi. Hilo unalitilia kabari moja na unaruka. Ogutu alinifundisha hayo kwa kunizomea, na nilimpenda, na nilimwogopa.

Mteremko ule ulitufaa hata kwa michezo. Jumamosi jioni watu walileta vitu vyao kushindana. Kuna Kalasinga mmoja fundi wa mikokoteni aliyeleta pete ya gurudumu, chuma kitupu, kubwa, inanifika kifuani, imetoka motoni jana yake. Sisi tukaleta jiwe la kunolea visu, dogo kama sahani. Kalasinga alitucheka. Jiwe likamshinda. Akasema upepo. Akaibeba pete yake hadi juu tena, akashindwa tena. Akasema mbao. Alirudia mpaka giza likaingia, jasho linamtoka chini ya kilemba, na Jumatatu alirudi na pete nyingine nzito zaidi. Nayo ilishindwa. Mtu mkaidi huyo, lakini mikokoteni yake ilidumu.

Basi, Ogutu kwa kuona mapipa mengi vile yakiteremka, akajitungia elimu yake. Akasema, "Samli safi hukimbia, samli iliyochanganywa huburuta miguu." Na msimcheke haraka, kwa sababu alikuwa na ushahidi. Walikuwepo watu waliochanganya samli na viazi vitamu vilivyopondwa, au unga, pipa lijae upesi. Mdomo wa pipa ulikuwa mdogo, ukichungulia unaona samli nzuri juu, na huko chini Mungu ndiye anayejua. Sisi tuliteremsha mapipa alasiri, jua likiwa limeshayaamsha yote. Lile la viazi haliamki. Litakaa juani hadi Krismasi, ndani bado ni uji mzito. Kwa hiyo alasiri lilibaki nyuma, tukalifungua, tukakuta viazi. Ogutu alipata sifa hadi Yala.

Sifa zikampanda kichwani. Akachagua pipa moja la samli aliyoichuja mwenyewe, akaliweka kando ya jiko la kuyeyushia ambako daima kulikuwa na joto, akalipa jina Hakimu. Pipa lolote alilolishuku lilishindanishwa na Hakimu. Likishindwa, samli inamwagwa ziwani, alama ya mwenyewe inapakwa lami, na mwenyewe haruhusiwi tena kushusha mzigo mlangoni kwetu. Niliwahi kumwuliza kwa nini tusiliyeyushe tu pipa tukaangalia. Akaniambia kuyeyusha pipa zima kunataka kuni na subira, na yeye hakuwa na wingi wa vyote viwili.

Sasa niwaambie habari ya Mama Anyango. Alitoka upande wa Kisian, mjane, mrefu, mwenye maneno machache na makali. Alikusanya samli ya wanawake wa huko, kibuyu kwa kibuyu, mpaka pipa likajaa, akalileta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Asubuhi ile alifika mapema sana. Mvua ilikuwa imenyesha, upepo wa ziwa unakata mifupa, na pipa lake limelowa. Ndani yake mlikuwa na kazi ya wanawake wa vijiji kadhaa. Mmoja alikuwa anangoja jembe, mwingine mtoto wake aingie shule. Wote walikuwa wamemwamini yeye kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mkokoteni wala kinywa cha kusema na wanaume wa ghala.

Kinywa chenyewe ndicho kilichomponza. Ogutu alikuwa amelowa na amenuna. Mama akamtazama tumbo, akasema, "Nyapara, wewe huku mjini hujui njaa ya kiangazi kabisa." Sisi tukacheka. Ogutu hakucheka.

"Pipa hili nalishuku," akasema. "Liende mteremkoni."

"Sasa hivi?" nikauliza. "Si mpaka alasiri?"

"Owuor, wewe ni nyapara?"

Nikashuka kwenye nafasi yangu. Hakimu akatolewa kando ya jiko, ana joto lake, yakaachiliwa pamoja. Vijana, ilikuwa aibu. Hakimu alikuja mbio kama mwenye njaa aliyesikia harufu ya ugali. Pipa la Mama lilikuja nyuma likijikokota, na lilipofika kabari zangu mbili zilikuwa zimeshachoka kulingoja. Ogutu akateremka polepole, mikono nyuma, uso wa huzuni ya uongo.

"Mama, umetuletea viazi."

"Nimekuletea samli."

"Hakimu amesema."

"Hakimu wako ni pipa."

"Na lako pia ni pipa, ila lina viazi. Owuor, leta lami."

Nilikwenda kuleta lami, na nilikwenda polepole, kwa sababu moyo wangu ulikuwa hautaki. Mama yule aliwahi kuniletea vijisamaki vya omena nilipokuwa mgonjwa, na sikuwahi kuona kiazi hata kwenye kikapu chake cha chakula. Lakini mimi pia nilimwamini Hakimu. Nilimwona akishinda kwa macho yangu. Niliporudi na kopo, nilikuta Mama amelikalia pipa lake pale pale gatini, miguu ameibana, leso ameifunga kichwani.

"Sitoki," akasema. "Namsubiri Bwana Karsan."

Bwana Karsan alikuwa ameenda stesheni kugombania mabehewa, na kugombana kwa mtu mpole huchukua muda mrefu. Ogutu aliniamuru nimwondoe. Nikamwambia siwezi kumshika mama wa watu. Akasema nimtishe. Nikamsogelea, nikasema, "Mama, tafadhali." Akaniambia, "Owuor, nenda kanifungie ng'ombe wangu mtini." Nikaenda nikafunga ng'ombe. Hapo Ogutu akashuka mwenyewe, akasimama mbele yake, wakatazamana, halafu Ogutu akakumbuka kwamba juu kuna kazi.

Mawingu yakaondoka. Jua la Kisumu mnalijua, likitoka baada ya mvua linatoka na kisasi. Bati likaanza kupata moto. Mama akaomba gunia, akalikunja, akalikalia. Akatoa muhogo akala. Wanawake wa samaki wakamletea maji, wakakaa naye, wakaanza kumjadili Ogutu tangu utoto wake. Yeye alikuwa juu anasikia kila neno. Na Hakimu je? Tulikuwa tumemrudisha juu, lakini jiko lilikuwa limezimika, kuni zimelowa, kwa hiyo tulimlaza mlangoni kwenye kivuli, upepo wote wa ziwa unampitia. Hakuna aliyemfikiria.

Alasiri Bwana Karsan akarudi. Akamkuta mwanamke juu ya pipa na soko zima la samaki limemzunguka. Ogutu akatoa hotuba ndefu ya haki na viazi. Bwana akamgeukia Mama.

"Wewe nasema nini?"

"Mimi nasema warudie. Kama huyo hakimu ni wa haki, atasema neno lile lile mara mbili."

Bwana Karsan alifikiri kidogo, akakubali. "Rudia," akasema. "Mbele ya macho yangu mimi."

Tulilisukuma pipa la Mama hadi juu, kwa kutumia magunia kwa sababu lilikuwa linachoma mikono. Hapo ningepaswa kujua, na ninyi mngepaswa kujua, lakini mimi nilikuwa nafikiria lami. Nikashuka, nikashika kabari mbili. Ogutu akapaza sauti kutoka juu, "Limelala!" na mimi nikajipanga kwa ajili ya lililolala, miguu nimeikita, nimetulia kama mtu anayengoja uji upoe.

Lilikuwa limeamka. Tena lilikuwa limeamka vibaya. Nilipoinua macho lilikuwa limeshafika, na kitu pekee kilichokuwa wazi ni ziwa. Nikaruka. Nyuma yangu nikasikia kabari zikiruka na pipa likizama kwenye magunia, puu. Nilisimama majini hadi kifuani, magugu yananining'inia masikioni, nikageuka kumtafuta Hakimu.

Hakimu alikuwa bado juu.

Ogutu alikuwa anamsukuma. Alisogea kidogo, akasita, akarudi nyuma, akamgonga Ogutu kwenye magoti. Ogutu akamsukuma kwa nguvu, Hakimu akageuka nusu mzunguko kwa haraka, akasimama, akatikisika, akatulia. Pipa liko mteremkoni, hakuna kamba, hakuna kabari, na halishuki. Halafu mama mmoja wa samaki akasema, "Hakimu ameogopa kesi," na gati lote likaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka nikameza maji.

"Amerogwa," Ogutu akasema.

"Fungua," akasema Bwana Karsan.

Wakamfungua, wakatia fimbo. Samli iliyokuwemo ilikuwa imeganda upande mmoja tu, nzito, imelala chali. Sehemu iliyobaki ilikuwa hewa. Pipa la namna hiyo upande wake mzito ukikaa chini haukubali kupandishwa juu ili pipa ligeuke. Asubuhi samli ile ile ilikuwa imeyeyuka na ikawa inateleza tu ndani, kwa hiyo hakuna aliyejua imebaki nusu. Bwana Karsan akamtazama Ogutu. Sote tukamtazama Ogutu, kidevu chake, mashavu yake, na ule ugali wake ambao miaka yote ulikuwa unang'aa na sisi tunadhani ni baraka.

"Bwana," Ogutu akasema, "hakimu akinenepa sana anakuwa mvivu. Nilikuwa nampunguza kidogo kidogo."

Bwana Karsan alivua kofia yake, akaishika mbele ya mdomo, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akatuma nyumbani kwake iletwe chapati. Akafungua pipa la Mama Anyango kwa mkono wake, akachovya, akala akiwa amefumba macho. Samli ilikuwa ya manjano, safi, unaona fimbo hadi chini. Pipa likapokelewa. Ogutu akapelekwa chini kuwa mdakaji, mimi nikapandishwa juu, na kwa wiki nzima niliona vigumu sana kukumbuka kama pipa limelala au limeamka kabla ya kupiga kelele.

Bwana alitaka lile pipa la Mama liwe Hakimu mpya. Mama alikataa. "Hiki ni chakula," akasema. "Mkitaka kujua kama ni safi, kiyeyusheni mkiangalie. Mna macho." Na tangu siku ile tuliyeyusha kila pipa lililoshukiwa, kuni zikawa nyingi na mashindano yakabaki ya Jumamosi.

Jioni ile nilimsindikiza hadi kwenye mkokoteni, nguo zangu zinachuruzika, nikamsaidia kuwafunga ng'ombe. Nilikuwa nimeshaanza kuelewa, kichwa kinanizunguka kwa furaha, nikaona huyu mama ni mwerevu kuliko sisi wote.

"Mama," nikasema, "ulijuaje kwamba jua litaiamsha?"

"Litaamsha nini?"

"Samli. Ulikaa pale kungoja jua, sivyo? Na Hakimu apoe kivulini."

Alinitazama kama anayepima homa ya mtoto. "Owuor, mimi sijui hayo yenu ya kulala na kuamka. Jua limenichoma makalio, hilo ndilo ninalolijua juu ya jua."

"Sasa kwa nini ulikaa siku nzima?"

"Samli ilikuwa yetu," akasema, akiwagusa ng'ombe kwa fimbo. "Ningeinuka, mngeimwaga."